Nani Yumo Darasani: Uandikishaji katika Shule za Msingi za Serikali

Shule ya msingi ya serikali haichagui watoto. Aliyefikia umri na anayeishi mahali panapohudumiwa na shule hiyo hupokewa, awe mtoto wa mwalimu, wa dereva wa bodaboda au wa mama lishe, awe amepita darasa la awali au hajawahi kushika penseli. Tanzania Bara, wanafunzi zaidi ya tisa katika kila kumi wa elimu ya msingi wamo katika shule za aina hii. Anayetaka kujua watoto wa nchi ni akina nani, wanatoka nyumba za namna gani na wangapi wanapotelea njiani, hana pa kuanzia pazuri zaidi ya daftari la uandikishaji lililo kabatini kwa mwalimu mkuu. Lakini daftari hilo lina namna yake ya kusomwa. Jumla iliyoandikwa mwisho wa ukurasa, ikichukuliwa peke yake, hupotosha kuliko inavyofundisha.

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza hufunguliwa mwezi Oktoba, miezi mitatu kabla ya mwaka mpya wa masomo, na kwa kawaida haufungwi hadi Machi. Watendaji wa vijiji na mitaa, pamoja na wenyeviti wa vitongoji, huorodhesha watoto waliofikia umri, na kutokana na orodha hizo hupatikana kile ambacho ofisi za elimu hukiita maoteo. Januari, mwalimu mkuu hulinganisha maoteo na watoto waliofika kweli. Mara chache hesabu hizo mbili hukutana. Kuna familia iliyohama tangu Oktoba, kuna mtoto aliyeletwa kwa bibi yake wakati wa Krismasi, na kuna mzazi anayesubiri apate hela ya sare na madaftari ndipo amlete mwanawe mwishoni mwa Februari, wenzake wakiwa wameshamaliza irabu.

Karatasi inayotakiwa mezani ni cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo ugumu wa kwanza ulipo. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa watoto wa chini ya miaka mitano wenye cheti hicho Tanzania Bara walikuwa kama asilimia 13 tu. Kuanzia mwaka 2013, mkoani Mbeya na baadaye mikoa mingine, Wakala wa Usajili Ufilisi na Udhamini, RITA, ulisogeza huduma hiyo hadi zahanati na ofisi za kata, na hali imebadilika sana. Hata hivyo bado wapo wanaokuja na kadi ya kliniki iliyokunjika, yenye tarehe za chanjo, na mwalimu hulazimika kukadiria siku ya kuzaliwa kutokana na tarehe ya sindano ya kwanza.

Kabla ya hapo umri ulipimwa kwa sikio. Mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya utosi, aushushe upande wa pili, ashike sikio la kushoto. Vidole vikifika, jina linaandikwa. Visipofika, anarudi nyumbani hadi mwakani. Watu wazima wengi wa Tanzania na Kenya wanakumbuka mkono huo. Ulikuwa ukipima urefu wa mfupa badala ya miaka, na dhuluma yake ilikuwa kubwa kwa aliyedumaa kwa lishe duni: huyo aliweza kutimiza miaka minane akiwa bado hajashika sikio, ilhali ndiye aliyehitaji shule mapema kuliko wote.

Siku hizi mwanafunzi akishaandikwa hupewa namba katika mfumo wa PREM unaosimamiwa na Baraza la Mitihani, na namba hiyo humfuata akihama, akikariri darasa na akifanya mtihani wa mwisho. Zamani mtoto aliyehama kutoka Sengerema kwenda Katavi aliweza kuhesabiwa katika shule zote mbili kwa miaka. Faida ya namba si usafi wa karatasi tu. Serikali hukadiria ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, sehemu ikienda shuleni moja kwa moja na sehemu ikibaki kwa ajili ya vitabu. Hela inapofuata vichwa, vichwa huongezeka kwenye karatasi. Uhakiki wa mwaka 2016 uliwakuta wanafunzi hewa zaidi ya 50,000 katika shule za msingi. Kila jina la uongo lilikula chaki na vitabu vya mtoto wa kweli katika wilaya nyingine, na jambo hilo linastahili hasira zaidi ya ile iliyoonekana wakati ule.

Idadi ya wanafunzi nchini haikupanda kwa mwendo mmoja. Imekuja kwa mawimbi matatu, na kila wimbi lilianzia kwenye uamuzi wa serikali. La kwanza ni la Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoamua kuwa elimu ya msingi kwa wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe 1977. Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa imewakusanya watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, na kijiji kipya kilitakiwa kuwa na shule. Wanafunzi waliokuwa kama milioni 1.5 mwaka 1975 walizidi milioni 3.3 mwaka 1980. Walimu hawakutosha, na waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini. Ndio walioitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu hiyo ya msingi kwa wote, jina ambalo baadaye lilitumiwa kwa kebehi isiyo ya haki, kwa kuwa bila wao madarasa hayo yangekuwa na watoto bila mtu mbele yao.

Wimbi hilo lilirudi nyuma. Uchumi wa miaka ya 1980 ulipoyumba, wazazi walianza tena kuchangia ada, majengo yakachakaa, na kufikia mwaka 2001 watoto wa umri wa shule waliokuwa darasani walikuwa kama asilimia 66 tu. Ndipo ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza Januari 2002 baada ya ada kufutwa. Wanafunzi wakapanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Wimbi la tatu lilitokana na Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa milioni 8.3 mwaka 2015, walivuka milioni 10 mwaka 2018.

Majirani walipita njia ileile. Uganda ilipofuta ada mwaka 1997, wanafunzi waliruka kutoka milioni 3.1 hadi 5.3 katika mwaka mmoja. Kenya, Januari 2003, ilipokea zaidi ya milioni moja ya ziada, kutoka milioni 5.9 hadi 7.2. Kote somo lilikuwa moja: watoto hawakukosa hamu ya shule, wala wazazi hawakuwa wajinga wa faida yake. Waliozuiwa, walizuiwa na hela.

Wimbi halikai darasa la kwanza. Husogea darasa moja kila mwaka, na kila linapofika huwakuta walimu wakiwa na vitabu vya idadi ya mwaka jana. Walioingia darasa la kwanza Januari 2016 walifika darasa la saba mwaka 2022. Mwaka 2021 waliosajiliwa kufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi walikuwa 1,132,084. Mwaka uliofuata walikuwa 1,384,340. Robo milioni iliongezeka kwa mwaka mmoja, na yeyote aliyesoma daftari la darasa la kwanza miaka sita kabla angeweza kuliona jambo hilo likija.

Takwimu za elimu hutaja viwango viwili vinavyochanganywa mara kwa mara. Kiwango cha jumla huwahesabu wanafunzi wote walio katika madarasa ya msingi, wa umri wowote, na kuwagawa kwa idadi ya watoto wa umri rasmi walioko nchini. Kiwango halisi huwahesabu wale tu wenye umri rasmi. Mwaka 2007 kiwango cha jumla Tanzania Bara kilipita asilimia 114, na kiwango halisi kilikuwa 97. Msomaji huuliza, inawezekanaje waliomo shuleni wazidi waliopo duniani? Jibu ni kwamba humo darasani walikuwamo waliochelewa. MMEM uliwafungulia mlango waliokuwa na miaka 9, 11 na hata 13 na hawajawahi kuandikwa, na wengine walipelekwa kwenye MEMKWA, mpango wa elimu kwa walioikosa, wakasome kwa haraka zaidi. Kiwango cha jumla kinapoanza kushuka, basi, si lazima kuwa habari mbaya. Huenda waliochelewa wamekwisha, na watoto sasa wanaanza kwa wakati. Kinachopaswa kutisha ni kushuka kwa kiwango halisi.

Mchanganyiko wa umri hubadilisha kazi ya mwalimu kuliko wingi wenyewe. Dawati la watatu huweza kuwa na mtoto wa miaka sita, wa minane na wa kumi, wote wakijifunza silabi. Huyu mkubwa hujua hesabu za kuuza karanga na huaibika kuimba. Yule mdogo hulala saa tano. Kenya ilitoa mfano wa mwisho kabisa wa jambo hili: Kimani Ng'ang'a Maruge aliandikishwa darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, akavaa sare ya kaptura kama wenzake. Nchini Tanzania, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ndiyo iliyofanya uandikishaji na mahudhurio kuwa lazima kuanzia miaka saba. Baadaye sera zilishusha umri wa kuanza darasa la kwanza hadi miaka sita, na darasa la awali likawekwa miaka mitano. Mabadiliko hayo nayo huacha alama: mwaka wa kuanza kupokea wa miaka sita, shule hupokea marika mawili kwa pamoja.

Kwa upande wa jinsi, Tanzania Bara imepata jambo ambalo nchi kadhaa za Afrika hazijalipata. Wasichana na wavulana wanakaribia kuwa nusu kwa nusu katika shule za msingi, na hali hiyo ni ya tangu enzi za elimu kwa wote. Lakini hesabu ikigawanywa kwa darasa, mwelekeo hujitokeza. Madarasa ya chini wavulana wako sawa na wasichana au wamewazidi kidogo. Kufika darasa la saba, wasichana ndio wengi. Katika mtihani wa mwaka 2022 walikuwa kama asilimia 52 ya waliosajiliwa. Wavulana hukariri zaidi na huondoka zaidi. Kanda ya Ziwa huitwa kwenye mitumbwi siku za giza, dagaa wanapovuliwa kwa taa. Geita huenda kwenye machimbo ya dhahabu kuponda mawe. Kwenye ufugaji huondoka na ng'ombe malisho yanapohama. Hatari ya msichana huja baadaye kidogo, na hukatiza ghafla. Kwa miaka mingi aliyepata mimba alifukuzwa na hakuruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba anaweza kurejea masomoni baada ya kujifungua, na mlango huo umebaki wazi.

Pengo kubwa zaidi katika daftari ni la watoto wenye ulemavu. Ni chini ya asilimia moja ya wanafunzi wa msingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na walioko nyumbani. Wengine hufichwa; wengine huandikishwa, halafu hushindwa na ngazi, choo chenye mlango mwembamba au ubao usiosomeka kutoka nyuma. Zipo shule zilizopokea mzigo huu kwa niaba ya nyingine. Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam hufundisha wasioona, viziwi wasioona na wenye ulemavu wa akili pamoja na watoto wengine. Buhangija, Shinyanga, ilijikuta na watoto wengi wenye ualbino, kwa kuwa mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoshika kasi mwishoni mwa miaka ya 2000 yaliwafanya wapelekwe huko wakalale mahali penye ulinzi. Hapo sura ya shule haikutokana na uzazi wala na mtaa. Ilitokana na hofu, na watoto hao walilipia usalama wao kwa kuishi mbali na mama zao.

Ramani nayo huamua sana. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu wa Tanzania waliongezeka kutoka milioni 44.9 hadi 61.7, na wa Dar es Salaam kutoka milioni 4.36 hadi 5.38. Zaidi ya wanne katika kila kumi nchini wana umri chini ya miaka 15. Ongezeko la jiji haliko katikati bali pembeni, Mbagala, Chanika, Gongo la Mboto, ambako viwanja ni vya bei nafuu na wazazi vijana hujenga. Huko darasa la kwanza huwa na mikondo mingi, A, B, C na kuendelea, na shule hulazimika kufundisha kwa zamu: madarasa ya chini asubuhi, mengine mchana, kengele ya kutoka ya hawa ikiwa ndiyo ya kuingia ya wale. Shule ikizidi kuvimba hugawanywa kuwa mbili, kila moja na mwalimu mkuu wake na namba yake ya usajili, lakini uwanja na kisima vikibaki vya pamoja. Kwenye karatasi wastani wa wanafunzi kwa shule hushuka, ila kwenye foleni ya choo hakuna kilichobadilika.

Katikati ya jiji mambo ni kinyume. Nyumba za Kariakoo zimegeuka maghala na maduka, wakazi wamehama, na shule zilizokuwa za watoto wa mtaa sasa hujazwa na wanaopanda daladala alfajiri kutoka pembeni. Zipo pia chache za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond za Upanga, ambazo wazazi huchangia ada na nafasi zake hugombaniwa. Hizi ni za umma kwa jina na umiliki, lakini hazielezi hali ya wengi.

Vijijini tatizo ni umbali. Kitongoji kilicho kilomita saba kutoka shuleni, na mto katikati, hakiwezi kuwapeleka watoto wa miaka sita. Jibu la wananchi limekuwa shule shikizi: vyumba viwili au vitatu vilivyo chini ya shule mama, vya darasa la awali hadi la pili au la tatu, mpaka mtoto apate nguvu za kutembea. Mwaka 2021, kutokana na fedha za kupambana na UVIKO-19, yalijengwa madarasa 3,000 katika shule hizo. Takwimu za wilaya mara nyingi huwahesabu watoto wa shikizi ndani ya shule mama, na hivyo mwalimu mkuu huonekana ana wanafunzi 900 mahali pamoja ilhali 200 wako ng'ambo ya mto na mwalimu wa kujitolea.

Lugha haimo kabisa katika daftari. Sensa za Tanzania hazijauliza kabila tangu ya mwaka 1967, na Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali isipokuwa chache. Mwalimu wa darasa la kwanza huko Meatu au Simanjiro hugundua wiki ya kwanza tu kwamba nusu ya watoto wanaelewa Kisukuma au Kimaasai peke yake. Darasa la awali lilikusudiwa kuziba ufa huo, na pale linapofundishwa vizuri huuziba. Pale linapokuwa chini ya mwembe, likiwa na watoto zaidi ya 25 wanaotakiwa na mwongozo, haliwezi.

Kisha kuna kupungua. Ukifuata kundi moja kutoka darasa la kwanza hadi la saba, majina hukatwa kidogo kidogo. Baadhi wamehama, na namba ya PREM huonyesha walikokwenda. Baadhi wamekariri, hasa baada ya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na wanaonekana wakivimbisha kundi linalofuata. Waliobaki wameacha, na sababu inayojazwa kwenye fomu karibu kila mara ni utoro. Jibu hilo halitoshi. Mtoto huanza utoro kwa sababu ya njaa, kwa kukosa viatu vya mvua, kwa kuchapwa, kwa kuitwa shambani, au kwa kuona darasa la tano limefika na kusoma bado hajui. Fomu yenye neno moja haimsaidii afisa elimu kujua apeleke uji, kivuko au mwalimu. Mwalimu wa darasa, akifungua daftari la mahudhurio, huyaona haya mapema: alama za kutokuwapo huanza Ijumaa, zikahamia Jumatatu, na baada ya miezi miwili safu nzima imekuwa tupu.

Hesabu zote hizi huishia kwenye mgawo. Mwongozo wa serikali unataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Wastani wa taifa uko juu ya hapo, na ndani ya wastani kuna shule ya mjini yenye walimu wengi waliofuata wenzi wao, na ya kijijini yenye walimu wanne kwa madarasa saba.

Sasa limekaribia badiliko ambalo daftari la mwaka 2022 linalieleza tayari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na mtaala mpya ulianza kufundishwa Januari 2024 katika darasa la kwanza na la tatu. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo, yaani walioandikishwa 2022, watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliowatangulia mwaka mmoja, wa mtaala wa zamani, watamaliza la saba mwaka huohuo. Madarasa mawili yatatoka kwa mpigo, na Januari 2028 shule za sekondari zitapaswa kupokea kidato cha kwanza cha marika mawili. Kwa shule ya msingi yenyewe, mwaka huo utaacha vyumba vya darasa la saba vikiwa wazi kwa mara ya kwanza. Mahali ambapo watoto wa awali wamekuwa wakisomea chini ya mti au kwenye kona ya ofisi, vyumba hivyo vinawatosha, mradi madawati ya urefu wao yachongwe kabla ya Januari.